Mgonjwa na Aulizwe: Dawa ya Usingizi Katika Kipimo cha Utumbo Mpana

Tarehe 19 Novemba 2021 Joe Biden aliwaandikia barua viongozi wa Bunge la Marekani kuwaarifu kwamba madaraka ya urais yanahamia kwa makamu wake, Kamala Harris. Hakuwa mahututi. Alikuwa anakwenda kupimwa utumbo mpana kwa kamera, kipimo kinachoitwa kolonoskopi, na angelazwa kwa dawa ya usingizi. Dakika 85 baadaye alikuwa macho, barua ya pili imeandikwa, madaraka yamerudi mikononi mwake. George W. Bush alifanya hivyo mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2007, kwa kipimo hichohicho, na kila mara makamu wake, Dick Cheney, akawa kaimu rais kwa saa mbili na ushei.

Barua hizo zinanigusa kwa sababu zinakiri jambo ambalo wagonjwa wa kawaida hatuambiwi. Ukishachomwa sindano ile, kuna kipindi ambacho huamui chochote, na mtu mwingine anaamua badala yako. Kwa rais jambo hilo linaandikwa, na anayeshika zamu anatajwa kwa jina. Kwetu sisi kuna fomu, kuna kalamu, kuna kidole kinachoonyesha pa kutia saini. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Uji, sawa. Sindano ya usingizi, hapana: mgonjwa aulizwe, tena aulizwe mapema, akiwa bado na nguo zake mwilini na akili yake kichwani.

Na kwa nini asiulizwe, wakati madaktari wenyewe hawafanyi namna moja? Norwei na Ufini, kwa miaka mingi, watu wengi wamefanyiwa kolonoskopi wakiwa macho kabisa, bila sindano yoyote. Marekani karibu kila anayepanda kitanda kile hupewa dawa, na siku hizi aghalabu ni propofoli, dawa inayomlaza mtu fofofo. Uingereza wako katikati: wapo wanaochomwa sindano nyepesi ya kulegeza mwili, wapo wanaovuta gesi, wapo wasiotaka kitu. Hawa hawana matumbo ya chuma, na wale hawana matumbo ya mayai. Tofauti iko kwenye mazoea: daktari alifundishwaje, hospitali ina wataalamu wangapi wa usingizi, nani analipwa kwa kumlaza mgonjwa, chumba kinahitajika tena baada ya muda gani. Mgonjwa anaingia katikati ya mazoea hayo akidhani anafuata sayansi tupu.

Tuanze basi na maumivu yenyewe, maana ndiyo yanayowafanya watu wengi waseme "nilazeni tu" kabla hata hawajaulizwa. Wengi hudhani uchungu wa kolonoskopi unatoka pale mlangoni, kwenye njia ya haja kubwa. Pale pana karaha na pana aibu, lakini kukitiwa mafuta na mkono ukiwa wa taratibu, maumivu ni madogo. Wengine hudhani uchungu ni wa kukatwa vile vinyama vidogo vinavyoitwa polipu. Hapo ndipo watu hushangaa. Ukuta wa ndani wa utumbo hauna habari na kukatwa. Daktari anaweza kunasa polipu kwa kitanzi cha waya na kuing'oa, au kunyofoa kipande cha kupeleka maabara, na wewe uliye macho usisikie hata mguso.

Kinachouma ni kutanuka na kuvutwa. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na haukunyooka. Ukitoka puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo, unakutana na sehemu iliyojikunja mfano wa herufi S, ambayo haikushikizwa imara. Inaning'inia kwenye utando, na utando huo una mishipa ya fahamu. Daktari anaposukuma mpira wenye kamera, wakati mwingine ncha haiendi mbele. Badala yake mpira unapinda ndani ya ile kona na kutengeneza kitanzi, na kila anavyozidi kusukuma, kitanzi kinakua, utando unavutika. Hapo ndipo tumbo linaposokota mpaka jasho linakutoka. Ongeza na hewa inayopulizwa ili utumbo ufunguke na kuta zionekane. Ni maumivu ya gesi, yale tunayoyajua sote, ila makali zaidi.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu lina maana kubwa kwa mtu anayepima aamue nini. Kama uchungu unatokana na kitanzi na hewa, basi unaweza kupunguzwa kwa njia nyingine kabla ya kufikia dawa. Daktari anayejua kazi yake akihisi kitanzi kimeanza, anarudi nyuma, anauzungusha mpira, anaunyoosha, kisha anaendelea. Nesi anaweza kukandamiza tumbo kwa kiganja mahali palepale mpira unapotaka kuchomoza. Mgonjwa aliyelalia ubavu wa kushoto anaweza kugeuzwa chali, na kona iliyokuwa imefunga ikafunguka. Badala ya hewa ya kawaida, ambayo hukaa tumboni kwa saa nyingi, wengi sasa hutumia kaboni dioksidi, ambayo damu huifyonza upesi na mapafu yakaitoa kwa pumzi. Wapo pia wasiopuliza kitu wakati wa kuingia. Wanatia maji, utumbo unabaki mwembamba na mzito, na mpira unateleza. Felix Leung wa California ni mmoja wa madaktari walioshikilia sana njia hiyo ya maji, na majaribio yameonyesha inapunguza maumivu.

Kwa hiyo mimi, kabla ya kuuliza habari za sindano, huuliza mkono. Nani atashika mpira, amefanya kazi hii kwa muda gani, anatumia hewa gani, na amezoea kufanya kwa watu walio macho? Daktari ambaye wagonjwa wake wote wamelala hana wa kumwambia kwamba anasukuma vibaya. Aliyezoea wagonjwa walio macho amefundishwa na nyuso zao.

Sasa dawa. Watu hutumia neno moja, usingizi, kwa vitu viwili vilivyo mbali kabisa, na hapa ndipo penye kosa kubwa katika maelezo ya hospitali nyingi. Kuna sindano ya kulegeza, ambayo kwa kawaida ni midazolamu ikiambatana na dawa ya maumivu kama fentanili au pethidini. Kuna propofoli. Ya pili inakulaza kweli. Ya kwanza hailazimiki kukulaza. Inakulegeza, inakuondolea hofu, na inafanya jambo moja ambalo wengi hawaambiwi kwa uzito wake: inazuia ubongo kuandika kumbukumbu. Fentanili ndiyo inayopunguza maumivu, kwa kiasi. Midazolamu hupunguza habari za maumivu kukufikia baadaye.

Kipimo changu cha kwanza kilikuwa cha namna hiyo. Nilikuwa nimeona damu chooni mara tatu na sikutaka kusubiri. Nesi aliniambia, "Kaka, utasikia kizunguzungu kidogo," nikaiona dawa ikisukumwa kwenye mshipa, na jambo linalofuata ninalolikumbuka ni kwamba nimekaa ukingoni mwa kitanda nafunga vifungo vya shati. Nikawaambia ndugu na rafiki kwamba haiumi hata kidogo. Niliwaambia hivyo kwa miezi. Wawili walikwenda kupimwa kwa sababu ya neno langu.

Baadaye nilihitaji nakala ya ripoti. Chini ya picha za utumbo wangu na habari za polipu mbili zilizoondolewa, palikuwa na mstari kuhusu hali ya mgonjwa wakati wa kipimo. Uliandikwa: maumivu makali, mara kwa mara. Nilirudi kuuliza kama wamechanganya karatasi. Nesi aliyekuwepo alinikumbuka, akasema kwa upole kabisa, "Ulikuwa unatuomba tuache, kaka. Lakini tulishakaribia mwisho, na tulijua hutakumbuka."

Sijawahi kuwa na kisirani na yule nesi. Alinijibu ukweli, na kipimo kile huenda kilinikinga na saratani. Lakini sentensi ile sijaweza kuiweka chini hadi leo. Kuna mtu alilala ubavu kwenye kile chumba, akasema "acheni", akaendelea kufanyiwa. Mtu huyo ni mimi, na sina namna ya kumtetea kwa sababu sikuwahi kukutana naye. Je, maumivu yasiyokumbukwa ni maumivu? Naamini ni maumivu. Yalipokuwa yanatokea, yalikuwa yanamtokea mtu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia, na bado sikujua.

Kolonoskopi ina nafasi ya pekee katika utafiti wa jambo hilihili. Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, walichapisha matokeo ya wagonjwa 154 waliofanyiwa kipimo hiki huku wakieleza maumivu yao kila dakika. Baadaye wakaulizwa kwa ujumla iliuma kiasi gani. Urefu wa kipimo haukuwa na uzito mkubwa katika majibu yao, ingawa baadhi walikaa dakika chache na wengine zaidi ya saa nzima. Kilichobaki kichwani ni ile dakika mbaya kuliko zote, na zile dakika za mwishomwisho. Mwaka 2003 wakachapisha jaribio la wagonjwa 682. Nusu yao waliachiwa ncha ya mpira ndani ya puru kwa muda mfupi wa ziada mwishoni, imetulia, bila kusukumwa. Waliongezewa karaha kidogo, lakini kwa kuwa mwisho ulikuwa mpole, walikumbuka kipimo kizima kuwa chepesi zaidi.

Kuna madaktari wanaosoma matokeo hayo na kusema: basi kumbukumbu ndiyo kitu, tuitunze hiyo. Ninawaelewa. Mtu aliyetoka na kumbukumbu mbaya harudi, na asiyerudi anaweza kufa na ugonjwa uliokuwa unazuilika. Polipu huchukua miaka mingi kugeuka saratani, na ndiyo maana kipimo hiki kinaokoa watu: kinakuta kitu kabla hakijawa kitu. Kama gharama ya mtu kurudi ni kusahau, yuko atakayesema ni gharama ndogo. Ila achague yeye. Aambiwe wazi kwamba dawa hii inaweza kukufanya usahau maumivu ambayo uliyasikia, na kwamba ukisema "acheni" ukiwa umelegezwa, tumekubaliana hivi au vile. Kwangu mimi hakukuwa na makubaliano yoyote. Palikuwa na saini.

Propofoli ni habari nyingine, na kwa swali hili la maumivu ni safi zaidi: umelala, husikii, na ukiamka unaamka upesi, kichwa kikiwa chepesi kuliko baada ya midazolamu. Ni dawa nyeupe kama maziwa, ilianza kuruhusiwa Uingereza mwaka 1986 na Marekani mwaka 1989. Watu wengi huijua kwa jina baya kwa sababu ndiyo iliyomuua Michael Jackson mwaka 2009, na nimewasikia wagonjwa wakiikataa kwa sababu hiyo peke yake. Hofu hiyo haina msingi kwa mtu aliye hospitalini. Jackson alipewa nyumbani, kama dawa ya kutafuta usingizi wa usiku, bila vifaa wala watu wa kumwangalia inavyotakiwa, na daktari wake alitiwa hatiani mwaka 2011 kwa kuua bila kukusudia. Kwenye chumba cha kipimo pana mtu ambaye kazi yake ni kukutazama kifua na kusoma oksijeni yako kwenye skrini.

Lakini kinachofanya mtu huyo awe wa lazima ndicho kinachopaswa kuelezwa. Umbali kati ya kulala na kuacha kupumua vizuri, kwa propofoli, ni mdogo. Midazolamu ina dawa ya kuizima, flumazenili. Fentanili ina naloksoni. Propofoli haina, unasubiri iishe yenyewe huku ukisaidiwa kupumua. Kwa mtu mwenye afya, mikononi mwa watu wanaojua, hatari ni ndogo mno. Kwa mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu, mnene kupita kiasi, au anayekoroma hadi pumzi zinakatika usiku, hesabu inabadilika, na inafaa apimwe kwanza na mtaalamu wa usingizi. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi wa kolonoskopi zaidi ya milioni 3 zilizofanywa Marekani kati ya 2008 na 2011. Waliohudumiwa na wataalamu wa usingizi walikuwa na matatizo ndani ya siku 30 kwa kiwango kilichozidi cha wengine kwa asilimia 13. Uchambuzi wa namna hiyo hauwezi kuapa kwamba dawa ndiyo chanzo, maana waliolazwa huenda walikuwa tofauti tangu mwanzo. Hata hivyo unatosha kumnyamazisha yeyote anayesema kulazwa hakuna gharama yoyote kwa mwili.

Kipimo changu cha pili nilikifanya nikiwa macho. Nilitafuta daktari aliyezoea kufanya hivyo, nikamweleza yaliyonipata, akanisikiliza hadi mwisho bila kutazama saa. Aliniambia mambo matatu tu: kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, itakuwa mkononi mwako, dawa itakuwa mezani, na ukisema simama nasimama.

Nilisema simama mara moja. Ilikuwa kwenye ile kona ya herufi S, dakika ya tatu au ya nne. Tumbo lilijaa likavutika upande wa kushoto chini, kama mtu ameshika utumbo kwa ndani na kuupeleka kusikokwenda. Nikasema. Mkono wake ukaganda palepale. Nilisikia mpira ukirudi nyuma, ukazunguka kidogo, na yale maumivu yakaisha kwa mara moja kama taa iliyozimwa. Nesi akaniwekea kiganja tumboni, akakandamiza, akaniambia nivute pumzi ndefu. Nikavuta. Tukapita.

Baada ya hapo nilitazama skrini. Sikutarajia kwamba ningetazama kwa mapenzi. Kuta za waridi zenye mishipa myembamba kama ya jani, kona ambapo ini linaonekana kama kivuli cha bluu nyuma ya ukuta, kisha mwisho wa safari, pale utumbo mpana unapoanzia, na tundu dogo la kidole tumbo. Walipokuwa wanarudi walikuta polipu moja. Daktari alinionyesha, akaipitishia kitanzi cha waya, akavuta. Nilikuwa nakodoa macho kwenye skrini nikisubiri kusikia kitu, na sikusikia kitu. Palepale akanieleza ilivyo, kwa nini anaipeleka maabara, na lini nirudi. Nayakumbuka maneno yake yote. Mara ya kwanza nilielezwa pia, nikaambiwa baadaye kwamba nilikuwa nikitikisa kichwa na kusema sawa, sawa.

Ningeishia hapo, ningekuwa mhubiri wa kukaa macho, na kwa muda nilikuwa hivyo. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenirekebisha. Alitakiwa kufanyiwa kipimo hiki mwaka uliofuata, nami nikamshikilia afanye kama nilivyofanya mimi, tena asikubali hata kanula, kwa sababu alikuwa anaogopa sindano. Nilisahau kwamba dada alitolewa kizazi miaka mingi nyuma. Upasuaji wa chini ya tumbo huweza kuacha makovu yanayogandisha utumbo, na kona ambayo kwangu ilinyooka kwa mzunguko mmoja, kwake ilikuwa imeshikamana. Walijaribu kila kitu, maji, kumgeuza, kukandamiza tumbo. Nusu ya njia alilia. Walisimamisha, wakamrudisha nyumbani na kipimo kisichokamilika, na ilibidi anywe upya ile dawa ya kusafisha tumbo, ambayo kila aliyeinywa anajua ni mzigo kuliko kipimo chenyewe. Mara ya pili alilazwa kwa propofoli na mambo yakaenda sawa. Aliponipigia simu hakunikaripia. Alisema, "Mdogo wangu, tumbo lako si langu."

Nimeomba radhi, na nimejifunza kusema hivi: wanawake kwa wastani huumia zaidi kuliko wanaume katika kipimo hiki, wembamba zaidi kuliko wenye mwili, vijana zaidi kuliko wazee. Aliyepasuliwa tumbo au kizazi, mwenye tumbo linalosumbua na kusokota kila mara, mwenye wasiwasi mwingi kabla hata hajafika, hao wote wana sababu nzuri za kuomba dawa tangu mwanzo. Mwanamume mwenye umri mkubwa kidogo, ambaye hajapasuliwa na ana shauku ya kujua kinachoendelea, yuko kwenye kundi linalofaulu zaidi bila dawa. Hakuna heshima ya ziada kwa aliyekaa macho. Nasikia wanaume wakijigamba kwamba walivumilia, na majigambo hayo yanawatisha wenzao wakaacha kwenda kabisa.

Kuna watu wengine ambao hatuwataji, na inabidi watajwe. Aliyewahi kunajisiwa, mwanamke au mwanamume, anapolala ubavu, nguo zimevuliwa, mtu amesimama nyuma yake, hapati kipimo tu. Nimezungumza na mmoja aliyesema hawezi kufanyiwa kitu hicho akiwa macho, na mwingine aliyesema hawezi kufanyiwa akiwa hajitambui. Wote wawili walikuwa sahihi. Daktari asiyeuliza hawezi kujua yuko na yupi.

Suala la kusindikizwa linaonekana dogo, lakini limewazuia watu wengi. Baada ya midazolamu au propofoli hutakiwi kuendesha gari, kutia saini mkataba wala kukaa na jukumu la mtoto mchanga kwa saa 24, na sehemu nyingi hawakuruhusu kutoka bila mtu mzima wa kukupeleka nyumbani. Kwa mwenye familia ni simu moja. Kwa mjane anayeishi peke yake, kwa dereva anayelipwa kwa siku, kwa anayemuuguza mama yake na hana wa kumwachia, hilo ndilo linaloua kipimo. Watu hao huahirisha, kisha huahirisha tena. Ni lazima waambiwe kwamba bila dawa wanaweza kuinuka, kuvaa na kwenda zao. Ile gesi ya nitrasi oksaidi iliyochanganywa nusu kwa nusu na oksijeni, unayoivuta mwenyewe kwa mdomo maumivu yanapokuja, nayo huisha mwilini kwa dakika chache. Si kila hospitali inayo kwenye chumba cha kipimo, lakini kuuliza ni bure.

Ninachokitaka si kikubwa. Siku ya kupanga miadi, wiki kadhaa kabla, mtu mmoja akae na mgonjwa amweleze njia zilizopo: macho kabisa, gesi, sindano ya kulegeza, usingizi mzito. Amwambie ipi inapunguza maumivu na ipi inafuta kumbukumbu. Amtajie ile njia ya kati ambayo mimi naipendelea kwa yeyote asiye na sababu ya kuikwepa, yaani kuanza bila dawa, kanula ikiwa tayari mshipani, na dawa kutolewa pale mgonjwa anapoiomba. Na waandike pamoja maana ya neno "simama". Kuna methali isemayo maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye chumba kile methali hiyo haitumiki. Umeshavua nguo, umeshalala, mpira uko nusu ya njia, na bado una haki ya kusema basi.

Watasema muda hautoshi. Maelezo hayo hayazidi dakika kumi, na dada yangu alipoteza siku nne kwa kukosa dakika kumi hizo, ambazo mimi, ndugu yake, nilizijaza kwa ujuaji.

Kipimo changu cha tatu ni mwezi ujao. Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua dawa ya kusafisha tumbo na kujaza fomu. Sehemu ya dawa ya usingizi ilikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Sikutia alama kwenye kimojawapo. Pembeni niliandika kwa mkono kwamba nitaanza bila dawa, kanula iwepo, na nikisema simama, wasimame, hata kama wakati huo nitakuwa nimeshaomba sindano na kuchomwa. Nesi akaisoma taratibu, akaisoma tena.

"Lakini ukishachomwa, kaka, ukasema simama," aliniuliza, "si utakuwa umesahau kwamba ulisema?"

"Ndiyo," nilimjibu. "Ndiyo maana nimeandika."

Akachukua kalamu yake, akaweka saini chini ya maneno yangu, na tarehe.